Fujo ya Chini

Ntakwinja, usiivute.
Ukivuta utapasua kitambaa, na kitambaa si chetu.
Kata. Polepole, kwa ncha ya mkasi,
kama anayetoa tongo kwenye jicho la mtoto.

Ona: juu mshono umenyooka,
umevaa vizuri, unakwenda misa.
Geuza.
Chini ni kiota, uzi umelala juu ya uzi,
kama nyaya za umeme huku kwetu Kadutu,
hakuna anayejua upi ni wa nani.

Najua mkono wako ulikokimbilia.
Kwenye kanete.
Kila mwanafunzi hukimbilia kanete:
uchafu uko chini, basi mkosaji yuko chini.
Umelegeza visi yake ndogo, ukaikaza, ukailegeza tena,
hadi yenyewe imesahau ilivyozaliwa.
Kanete haikukosa kitu.
Fujo ya chini, mwanangu, imetoka juu.

Ulitunga uzi mguu ukiwa umeshuka, si ndiyo?
Usijibu. Nimeona.
Mguu ukishuka, vile visahani viwili hufunga midomo,
uzi hupita nje yake, haukamatwi na mtu,
unashuka bila breki
kama lori la mchanga kwenye mteremko wa Funu.
Inua mguu kwanza. Visahani vitafunguka.
Pitisha uzi katikati, ushushe mguu, kisha uvute kwa kidole.
Ukikataa kidogo,
kama mtoto aliyeshika kitenge chako usimwache nyumbani,
hapo umeingia.

Mimi Baba Mugaruka hakunieleza haya.
Alinipiga vidole kwa rula.
Miaka miwili, nilichojifunza vizuri ni rula.

Na mashine hii, unaiona inang'aa,
ilifika hapa ikinuka mawese.
Mjane aliyeniuzia alikuwa akiipaka yale ya jikoni,
maskini, aliona mafuta ni mafuta.
Siku tatu nilikaa nayo, mswaki na mafuta ya taa.
Chini ya meno yake nilitoa manyoya ya nguo:
bluu ya sketi za shule, wekundu wa harusi fulani,
na weusi, weusi mwingi,
vumbi la watu ambao sitawajua,
limeshikana kama shuka dogo.
Sikulitupa siku ile ile. Sijui kwa nini.

Uzi ukikatika-katika ni habari nyingine.
Bisimwa wa pale ngazini anauza uliochomwa na jua,
lakini usianze kwa kumtukana.
Mvua ya Bukavu huingia hata ndani ya boksi.
Shika kipande karibu na sikio, ukikate:
uzi mzima hulia, tak.
Uliooza huondoka bila neno.
Ukilia na bado unakatika, chomoa sindano,
pitisha ncha yake juu ya ukucha.
Ikikwaruza, itupe, usiihurumie.
Sindano ni bei ya andazi;
sketi hii mama yake ameilipa mara nne, kidogo kidogo,
na mara ya mwisho alileta noti zimelowa jasho.

Haya. Mguu juu.
Uzi: kwenye ndoano, kati ya visahani,
kwenye ule mkono unaopanda na kushuka,
usiuruke, nao huwa una kisirani ukirukwa.
Sasa sindano. Lamba ncha ya uzi, hakuna aibu.
Kanyaga. Si kwa hasira.
Kwanza kwenye kitambaa cha kutupa.

Geuza.
Usiniangalie mimi usoni,
angalia upande ambao mwalimu wa shule hataukagua,
ambao utagusa paja la mtoto tu.

Unaona?

Vizuri. Bado thelathini na nane,
na Jumatatu kengele inalia.